Mkono wa kijana hauna kosa, tazameni chuma chake

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapa barua ya mzazi mmoja wa Morogoro aliyemnunulia mwanawe seti ya vipuri vya kuundia redio, ajishughulishe nayo likizoni. Kijana akakaa nayo siku mbili, akaunguza bodi, kile kibao kinachobeba vipuri, viduara viwili vya shaba vinavyoshika miguu ya vipuri vikang'oka, na redio yenyewe haikutoa hata mkwaruzo. Baba akahitimisha kwamba mtoto "hana mkono wa ufundi", na kwamba wazazi tuache kupoteza fedha kwa mambo ya watu waliozaliwa nayo. Nilikuwa kwenye cherehani nilipoisoma. Nikaikata barua ile kwa mkasi wa kitambaa, jambo ambalo wanafunzi wangu wakilifanya nawafokea, kwa sababu karatasi huua makali. Hasira ilikuwa imenipanda.

Naomba nafasi nimjibu baba huyo, na zaidi nimjibu kijana wake, maana yaliyompata yeye yalinipata mimi moja baada ya jingine.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa miaka 57, nashona Ngamiani hapa Tanga tangu 1989. Mambo ya umeme nilikuwa nayajua kwa kulipa tu. Miaka mitatu iliyopita redio aliyoniachia marehemu mume wangu, National ya betri nne kubwa, ilinyamaza ghafla katikati ya taarabu. Nikaibeba hadi kwa mzee jirani yangu, fundi redio wa siku nyingi. Nikamkuta kibarazani amekaa tu. Macho yalikuwa yamemwisha, haoni tena ila kivuli cha mtu. Akaipokea, akafungua kifuniko cha nyuma, akapitisha kidole kwenye nyumba ya betri, akacheka. "Waya umeng'oka, mwanangu. Kazi ya dakika mbili. Lakini mimi sioni, na wewe unatunga uzi kwenye tundu la sindano kila siku. Kanunue chuma cha kulehemia, uje nikufundishe."

Basi nikafundishwa kulehemu, yaani kuunga waya na vipuri kwa risasi iliyoyeyushwa, na mtu asiyeona. Nalitaja hili mapema kwa sababu baba wa Morogoro aliandika habari za mkono na jicho kana kwamba ndiyo kazi yote. Mwalimu wangu alikuwa anajua ninakosea kwa kusikia na kwa kunusa, naye amekaa upande wa pili wa meza.

Siku ya kwanza nilikwenda sokoni nikanunua chuma cha kulehemia cha wati 60, cha bei ya chini kuliko vyote. Kilikuwa na ncha nyembamba kama sindano, nikajiambia hii ndiyo yenyewe, kazi ndogo na ncha ndogo. Nikakichomeka kwenye umeme, kisha nikaanza kuhangaika kutafuta ule waya wa risasi niliousahau kwenye pochi, nikapokea mteja, nikarudi baada ya nusu saa. Ncha ilikuwa nyeusi tii. Nikaigusisha risasi, risasi ikayeyuka ikajiviringisha ikadondoka mezani, kama maji kwenye jani la gimbi. Nikaibandika ncha kwenye waya wa redio, hakuna kilichotokea. Nikakandamiza. Nikakandamiza zaidi. Ganda la plastiki la waya likaanza kunywea na kunuka, na risasi bado haishiki.

Hapo nikafanya alilofanya, nadhani, kila mwanafunzi: nikachukua msasa nikaisugua ncha mpaka ikang'aa. Mzee akasikia. "Unakwaruza nini?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba enzi zake ncha zilikuwa za shaba tupu, na yeye kila asubuhi alikuwa anaipiga tupa kabla ya kazi. Lakini hizi za sasa ni shaba iliyovishwa ngozi nyembamba ya chuma. Ukiikwangua ile ngozi, shaba inabaki wazi, na risasi iliyoyeyuka inaila shaba kidogo kidogo mpaka ncha inatoboka mashimo. Ncha yangu haikumaliza mwezi. Nawaomba vijana mlisikie hili kwa sababu mafundi wa zamani wengi bado wanawashauri mpige tupa, na wanashauri kwa nia njema kabisa.

Dawa ya ncha niliifahamu kwa njia ya pasi. Waliopiga pasi ya mkaa wanakumbuka: pasi ikianza kukwama, unaipitisha juu ya jani la mgomba, inateleza tena. Na ncha ya kulehemia ina jani lake la mgomba, nalo ni sponji iliyoloweshwa maji ikakamuliwa hadi haidondoshi tone, au nyuzi za shaba ya njano zilizosokotwa kama zile za kusugulia masufuria. Zile za chuma za kusugulia masufuria zenyewe usitumie, zinakwangua. Unafuta ncha, na papo hapo unaigusisha risasi kidogo ivae. Inapaswa kung'aa kama kijiko kipya. Unafuta kabla ya kila kiungo, na unapomaliza kazi ya siku unaiongezea risasi, unazima, unaiacha ipoe ikiwa imevaa. Mzee alikuwa akisema chuma hakilazwi uchi.

Sasa nieleze kwa nini nalikazania hili mpaka Mhariri aanze kutazama saa. Ule weusi kwenye ncha ni ukoko wa madini yaliyoungua, na ukoko haupitishi joto. Chuma cha wati 60 kisicho na kirekebisha joto, kikiachwa bure, hupanda hata kupita nyuzi joto 400. Risasi ya kawaida inahitaji nyuzi 183 tu ianze kuyeyuka. Kwa hiyo yule kijana alikuwa na moto zaidi ya mara mbili ya anaouhitaji, lakini moto wenyewe haukufika. Akasubiri. Akahesabu kumi, ishirini. Akakandamiza kwa nguvu zote za ujana. Katika muda huo gundi inayoshikilia shaba kwenye bodi ikalegea, kiduara kikasogea, kikang'oka na mguu wa kapasita, kipuri cha kuhifadhi umeme. Baba akaona bodi imeungua, akasema mtoto ana pupa ya moto. Mimi nasema mtoto alikuwa na ncha chafu, na uchafu ule ndio uliomlazimisha kukaa pale muda mrefu.

Na ile ncha ya sindano. Baba akanunue ncha ya bapa, iliyokatwa kama patasi, upana wa milimita mbili hivi. Joto hupita pale vyuma viwili vinapokutana kwa eneo, si kwa nguvu ya mkono. Ncha kali hugusa nukta moja tu. Kwenye cherehani pia nina wanafunzi wanaodhani sindano namba 11 inafaa kila kitu kwa sababu ni nyembamba na inapendeza, mpaka waipeleke kwenye kitambaa kigumu cha jinzi ikavunjika.

Namna yenyewe ya kulehemu naweza kuieleza kwa mistari michache, ingawa ilinichukua wiki tatu kuizoea. Mkono wa kulia chuma, wa kushoto waya wa risasi. Bapa la ncha unaligusisha sehemu mbili kwa pamoja: kiduara cha shaba cha bodi na mguu wa kipuri uliochomoza katikati yake. Unahesabu moja, mbili. Kisha unapeleka waya wa risasi upande wa pili, mbali na ncha, kwenye ule mguu uliopata moto. Ikiwa mguu umepata moto wa kutosha, wenyewe utaiyeyusha risasi na kuivuta. Unaondoa waya wa risasi kwanza. Unahesabu moja tena. Ndipo unaondoa chuma. Jumla sekunde tatu, nne ukiwa mzito.

Kosa langu la wiki nzima lilikuwa kuyeyusha risasi kwenye ncha, halafu kuibeba kama uji kwenye kijiko na kuipaka kwenye kiungo. Mzee alikuwa ananikamata kila mara bila kuona. Ndani ya waya wa risasi wa kazi za redio mna ulimbo, utomvu wa msonobari, na kazi yake ni kula kutu ya juu ya shaba ili risasi ishike. Ukiyeyushia risasi kwenye ncha, ulimbo unaungulia hapohapo, na unapofika kwenye kiungo umebeba risasi kavu. Ukiyeyushia kwenye kiungo, unausikia ulimbo ukisema tsss, mfupi, na harufu yake tamu kama ya ubani. Mzee akisikia tsss ndefu halafu kimya, anasema, "Umeuchoma wote hewani. Futa, anza tena." Mara ya kwanza nilipopata ile tsss fupi na yeye asiseme neno, nilijisikia kama siku niliyoweka kola ya kwanza ikakaa.

Na inavyoonekana ikishika, jamani. Kwanza risasi inasita pembeni ya mguu, nukta nyeupe. Halafu ghafla inakimbia: inajaza kiduara chote mpaka ukingoni, na katikati inapanda kwenye mguu, ikajiumba kama kilima chenye kilele chembamba na mabega yaliyobonyea ndani. Inameremeta kama jicho la samaki aliyetoka majini sasa hivi. Unaondoa chuma, na baada ya nusu sekunde unaona mng'ao unatulia, kama pumzi juu ya kioo. Hapo imeganda. Kilima kikiwa kimevimba kama tone au punje ya mtama, maana yake risasi imekaa juu bila kushika chini. Ukitikisa mguu utauona unacheza ndani yake. Mafundi huita kiungo baridi. Kwa nje kinadanganya, redio inaweza hata kuimba leo, kesho ukiipiga kofi inanyamaza. Wangapi kati yetu tuna redio za kupigwa kofi?

Nilikuwa pia na tabia ya kupuliza. Nikimaliza kiungo nakipuliza kama mtu anayepoza chai, na kiungo kinatoka na chembechembe kama sukari guru. Mzee akanieleza vizuri, na hili ndilo lililonifanya niheshimu zile namba ndogo zilizoandikwa kwenye kibiringo cha risasi. Ile inayoandikwa 60/40 ni bati sehemu 60 na madini ya risasi yenyewe sehemu 40. Inaanza kuyeyuka nyuzi 183, inamalizika karibu na 190. Katikati ya hapo si maji wala si chuma, ni uji. Ukiitikisa au ukiipuliza ikiwa uji, inaganda vibaya na kuacha nyufa. Ipo nyingine, 63/37, ambayo haina uji. Ikifika nyuzi 183 inaganda kwa mara moja. Kwa mwanafunzi mwenye mkono unaotetemeka, kama wangu wakati ule, hiyo ya pili ni rafiki. Ikikosekana, 60/40 inatosha, ila shikilia kipuri kisisogee na ufunge mdomo.

Tatizo ni kwamba madukani mara nyingi unauziwa kibiringo kisicho na maandishi yoyote, au kina maandishi ambayo muuzaji mwenyewe hayajui. Mimi niliwahi kupewa risasi isiyo na risasi. Msicheke, ipo. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia madini ya risasi katika vyombo vingi vya umeme vinavyouzwa kwao, na viwanda vya dunia vikahamia kwenye bati lililochanganywa na shaba kidogo, au na fedha na shaba. Ni jambo jema kwa afya na ardhi. Ila huyeyuka juu zaidi, nyuzi 217 au 227 kutegemea mchanganyiko, na kiungo chake hata kikiwa kizuri huwa kimefifia, hakimeremeti. Mwanafunzi aliyeambiwa atafute mng'ao anajiona ameshindwa kumbe amefaulu, anarudia, anaunguza. Ningeomba wauzaji wa vipuri, wa hapa na wa Kariakoo, wamwambie mnunuzi hilo neno moja tu. Na unene: milimita 0.8 kwa bodi ndogo. Ule mnene wa milimita mbili ni kama kushonea chachi kwa uzi wa magunia.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya kwa kujiona mjanja. Risasi ilipokuwa haishiki, nikakumbuka fundi bati wa mtaa wa pili, anayetengeneza vibatari. Yeye ana chupa ya asidi. Anapaka bati, anapitisha chuma chake kilichotoka kwenye mkaa, risasi inakimbia kama maziwa. Nikamwomba kidogo. Kweli, ikashika vizuri ajabu. Nikaunga waya wa betri wa redio ya marehemu kwa asidi ile, redio ikaimba, nikapiga vigelegele peke yangu dukani. Baada ya wiki tano ikanyamaza tena. Kufungua, pale nilipounga pamekuwa kijani kama ukungu wa mkate, na nyuzi za shaba za ule waya zimelika, zinavunjika kama nywele zilizoungua. Asidi haikuwa imeondoka. Kwenye kibatari unaiosha kwa maji, na bati ni nene. Kwenye redio imejificha ndani ya nyuzi na inaendelea kula, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi inaisaidia. Mzee alipolinusa akaguna tu. Ilibidi nikate waya nyuma vidole viwili mpaka nipate shaba safi. Kwa hiyo: ulimbo, sio asidi. Waya wa risasi wenye ulimbo ndani ukiwa hautoshi, ulimbo wa kopo unauzwa.

Kwa habari ya hewa ya pwani, wasomaji wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lindi wanajua misumari yetu inavyozeeka. Miguu ya rezista, kipuri cha kupunguza umeme, iliyokaa kwenye kopo miezi sita imefifia, ina utando. Ifute kwa kifutio cha penseli mpaka ing'ae kabla hujaitia kwenye bodi. Kifutio cha mjukuu wangu kimefanya kazi hiyo zaidi ya kufuta hesabu zake.

Sasa afya, na hapa namsema fundi cherehani mwenzangu yeyote anayesoma. Sisi tuna desturi ya kubana pini mdomoni. Siku ya pili tu, mikono yote miwili imejaa, nikaubana waya wa risasi kwa meno. Mzee akaniuliza kitu, nikajibu kwa meno yaliyofungwa, akajua. Alipiga meza kwa kiganja, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia amekasirika. Risasi ni sumu, na huingia kwa njia ya mdomo: vidole vilivyoshika waya halafu vikashika andazi. Nawa kwa sabuni ukimaliza, usile mezani pa kazi, watoto wadogo wasicheze na vipande. Ule moshi unaouona ni wa ulimbo, kwa joto hilo risasi haigeuki mvuke wa kuhesabika. Lakini moshi wa ulimbo nao unawasha kifua na unaweza kuleta pumu, kwa hiyo kaa penye upepo na usiinamie. Feni iuvute moshi kando, isikipulizie kiungo. Na ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida, dakika ishirini. Dawa ya meno iacheni kazi yake ya meno.

Na jambo jingine, kijana asianze na kitu chochote kinachochomekwa ukutani. Umeme wa volti 230 hauna mwanafunzi. Redio ya betri inatosha kabisa kufundishia.

Mazoezi ndiyo yaliyonitoa. Nikipokea msichana wa kujifunza ushonaji, simpi kitambaa cha mteja. Nampa karatasi yenye mistari, cherehani haina uzi, akanyage afuate mstari matundu yanyooke. Wiki nzima ni karatasi tu. Baba wa Morogoro alimpa mwanawe kitambaa cha bi harusi siku ya kwanza! Mzee hakunipa redio. Alinipa waya wa shaba, nikamenya, nikakata vipande ishirini vya urefu wa kiganja, nikavipanga kumi wima na kumi ulalo kama ukili wa jamvi, na kila vinapokatana nikaunga. Viungo mia moja. Jamvi la kwanza ulikuwa unalitikisa linapukutika kama majani ya kiangazi. La tatu nikalitundika ukutani dukani, wateja wananiuliza ni chujio la nini.

Baada ya majamvi akanipa sanduku la bodi mbovu, za redio na kanda zilizokufa zamani. Ng'oa vipuri hamsini, virudishe. Kung'oa kunafundisha kuliko kuunga, kwa sababu risasi ya zamani imechoka na unalazimika kuiongezea mpya kidogo ili iyeyuke, kisha uinyonye kwa pampu ya mkono au kwa utambi wa shaba. Utambi huo ni nyuzi nyembamba zilizosukwa. Unaulaza juu ya risasi, unaweka ncha juu yake, nao unainywa kama utambi wa taa unavyokunywa mafuta ya taa. Hapo ndipo nilipoelewa pia kwamba kuna viduara vilivyoungana na uwanja mpana wa shaba, navyo hula moto mwingi; huko ile hesabu ya moja, mbili haitoshi, unasubiri hadi nne au tano bila kuhamaki.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, kwenye klabu ya sayansi ya shule yake. Nilimuuliza wanafanyaje. Wana chuma kimoja kwa wanafunzi arobaini, na kila anayefika zamu yake anapewa dakika chache kwenye bodi mpya ambayo ikiharibika ni lawama. Siilaumu shule, fedha hakuna. Ila bodi mbovu zimejaa kwa kila fundi mjini, na waya wa shaba unaokotwa. Waanzie hapo, wakosee mara mia bila kugharimu mtu, na hicho chuma kimoja kifutwe kabla ya kila zamu. Walimu wanaosoma gazeti hili wanaweza kulijaribu Jumatatu.

Redio ya marehemu niliiunga upya kwa ulimbo, mwaka wa pili huu sasa inaimba. Mzee alitaka kuishika. Akapapasa kile kiungo kwa ncha ya ukucha, polepole, mabega na kilele, akasema, "Hapa umekaa sekunde moja zaidi." Sijui alijuaje. Amefariki mwaka jana, Mungu amrehemu.

Namalizia kwa kijana wa Morogoro, kwa sababu nina hofu baba ameshaitupa ile bodi. Kama bado iko, usiitupe. Viduara vilivyong'oka vinatibika. Tazama upande wa shaba, fuata njia inayotoka pale kilipokuwa kiduara. Chukua wembe, kwangua taratibu ile rangi ya kijani kwa urefu wa punje ya mchele mpaka uone shaba nyekundu. Ipake risasi kidogo kwanza. Kisha ukunje mguu wa kipuri ulale juu ya hiyo shaba, uunge. Mguu ukiwa mfupi, tumia kipande cha mguu uliokata kwa rezista nyingine. Kama njia yote imekatika, ifuate mpaka kipuri kinachofuata kwenye njia hiyohiyo, ukaungie kule kwa waya. Kisha gusisha mita ya kupimia umeme kwenye ncha mbili za njia hiyo; ikilia piii umepita. Kabla hujaweka betri, angalia kapasita za duara kama mapipa: upande wenye mstari ni hasi, na ukiuingiza kinyume redio itabubujika au itakaa kimya hata viungo vyote vikiwa vizuri. Angalia na transista, kile kipuri cha miguu mitatu, upande wake bapa uelekee kama ulivyochorwa kwenye bodi.

Kikikushinda, mwambie baba akulete Tanga likizo ya Desemba. Ulizeni Ngamiani fundi cherehani mwenye jamvi la waya ukutani, mtaonyeshwa. Uje na bodi yako na chuma chako, ncha nitakupa mimi.

Wako,
Mama fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga.